Chini ya Mugumo

Novemba 2020, mti mmoja pale Westlands ulipata ulinzi ambao wengi wetu hatujawahi kuupata: amri ya rais. Ulikuwa mugumo wa karne nzima hivi, mrefu kama jumba la ghorofa nne, umesimama kando ya Waiyaki Way, mahali hasa ambapo Nairobi Expressway ilipangwa kupita. Mpango wa kwanza ulikuwa kuung'oa na kuuhamishia kwingine. Watu wakaja juu. Wanaharakati wakapiga kelele, picha zikasambaa mitandaoni, na mwishowe Uhuru Kenyatta akaamuru usiguswe. Mohamed Badi, aliyekuwa akiongoza NMS wakati huo, akaleta habari. Barabara nayo ikaendelea, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na Mei 2022 magari yakaanza kupita. Mti ukabaki.

Nilifurahi kama kila mtu. Lakini ukizicheki zile picha vizuri, utaona shina na matawi tu. Nikaanza kujiuliza, tunaposema mti umeokolewa, tunamaanisha kitu gani hasa? Mti unaanzia wapi, unaishia wapi?

Shule ya msingi tulichora mti na mizizi yake kama kioo: matawi juu, mizizi chini, pande mbili zinalingana, na mzizi mmoja mnene ukishuka katikati kama karoti. Mchoro ule ulipata alama, lakini ulikuwa uongo. Mti mkubwa uliokomaa unafanana zaidi na mwamvuli uliosimamishwa juu ya mkeka. Mkeka ni mpana mno na ni mwembamba. Mizizi mingi iko kwenye sentimita 60 za juu, na huenda mbali kutoka shinani mara mbili au hata tatu ya mahali matawi yanapofika. Ile mizizi myembamba kama nyuzi, inayofanya kazi ya kunywa maji na kula madini, inapenda juu zaidi, karibu kabisa na majani makavu yaliyoanguka. Kwa nini juu? Kwa sababu huko ndiko kuna hewa.

Hii ndiyo sehemu inayotushinda kuamini. Mizizi hupumua. Majani yanaweza kutengeneza chakula chao wenyewe kwa jua, lakini mzizi uko gizani na unahitaji oksijeni kama wewe na mimi, na unaipata kwenye matundu madogo yaliyoko kati ya chembe za udongo. Udongo mzuri wa msitu, ukiupima, karibu nusu yake ni nafasi tupu: robo imejaa maji, robo imejaa hewa, na viwango vinabadilishana mvua inapokuja na kuondoka. Hewa ikishuka chini ya sehemu moja kwa kumi ya udongo wote, mizizi ya miti mingi huanza kushindwa. Na hizo nafasi ndizo zinazokufa kwanza mtu anapouweka uzito juu. Chembe za udongo zenyewe hazibanwi, ni mawe madogo. Kinachobanwa ni pengo lililo kati yao, na mapengo makubwa, yaliyokuwa yakibeba hewa na kupitisha maji ya mvua, ndiyo hutangulia.

Sasa mzizi unapata shida mbili kwa mpigo. Kwanza unakosa pumzi. Pili unakosa njia, maana ncha ya mzizi inasukuma mbele kwa nguvu ya maji yaliyomo ndani ya seli zake, na nguvu hiyo ina mwisho. Watafiti hutumia chuma chenye ncha kupima ugumu wa udongo, na kiwango kinachotajwa kila mara ni megapaskali 2, sawa na kilo 20 hivi kwa kila sentimita mraba. Hapo mizizi mingi husimama, labda ikute ufa au njia iliyochimbwa na mdudu. Maji ya mvua nayo yanateleza juu na kukimbilia mtaroni, kwa hiyo mti unaweza kuwa na kiu siku mbili baada ya mafuriko.

Na haufi leo. Hilo ndilo noma. Mti mkubwa una akiba. Unaweza kushindiliwa udongo wake mwaka huu na ukaendelea kuchanua miaka mitano, hata kumi, huku ncha za juu zikikauka kidogo kidogo. Kufikia wakati unakauka kabisa, mkandarasi ameshalipwa, greda imeshauzwa, na watu wanasema mti ulikuwa mzee.

Stori ya jinsi binadamu walivyolijua jambo hili ina mahali na miaka yake, nayo inanichekesha kidogo kwa sababu ilitokea jimbo moja la Marekani, California, karibu wakati mmoja, kwa watu wawili waliokuwa wakitafuta vitu vinavyopingana.

Wa kwanza ni Emilio Meinecke, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyefanya kazi na serikali ya Marekani. Miaka ya 1920 gari lilikuwa limeshakuwa kitu cha watu wa kawaida huko. Familia zilipakia mahema na sufuria, zikaenda kulala chini ya miti mikubwa kuliko yote duniani: ile ya pwani inayopita mita 100 kwa urefu, na ndugu zake wa milimani, wanene kama nyumba. Hakukuwa na mistari wala vizuizi. Uliendesha gari popote mpaka ukapata kivuli ulichokipenda, ukaegesha karibu kabisa na shina, ukatandika. Wiki iliyofuata akaja mwingine. Kila mtu aliipenda ile miti, hakuna aliyekuja na shoka.

Meinecke alitumwa kuangalia, na ripoti yake kuhusu misitu ya pwani ilichapishwa mwaka 1928. Alichokisema kilikuwa kigumu kumezwa na wenye mbuga: wageni wanaoipenda miti ndio wanaoiua. Nyayo na magurudumu yalikuwa yameondoa mimea midogo ya chini, yakaubana udongo na kuharibu mizizi ya juu, na majitu haya hayana mzizi wa karoti wa kuyaokoa. Mizizi yake imetandazwa, kama mkeka wetu.

Mtu mwingine angependekeza kufunga mbuga. Meinecke alifikiri kama mpangaji wa mji. Mwaka 1932 alitoa mpango wa kambi: barabara nyembamba ya kuzunguka, magari yote yakielekea upande mmoja, na pembeni vijia vifupi vya kuegesha, kimoja kwa kila familia, vimezibwa kwa mawe na magogo ili gari lisiweze kupita hata dereva akitaka. Meza ya kulia hapa, moto pale, hema kule. Alikubali kwamba sehemu ndogo ya udongo itakufa, akaamua ni sehemu ipi, na iliyobaki akaiacha ipumue. Ukienda leo karibu kambi yoyote ya umma Marekani utaegesha gari lako kwenye kijia cha Meinecke bila kumjua.

Wa pili ni Ralph Proctor, mhandisi wa mabwawa ya maji Los Angeles. Yeye shida yake ilikuwa kinyume kabisa. Bwawa la udongo lenye matundu linavuja, na likivuja linaweza kupasuka. Alitaka udongo usio na pengo. Mwaka 1933 alichapisha makala katika gazeti la wahandisi akieleza jambo linaloonekana dogo: kila udongo una kiwango chake cha unyevu ambapo unakubali kushindiliwa kuliko wakati mwingine wowote. Ukiwa mkavu sana, chembe zinakwaruzana na kukataa kusogea. Ukiwa umejaa maji, maji yenyewe yanashika nafasi. Katikati, chembe zinateleza na kukaa vizuri, mapengo yanafungwa. Kipimo kinachobeba jina lake ni cha kawaida mno: unatia udongo kwenye mkebe wa chuma kwa tabaka tatu, na kila tabaka unalipiga mara 25 kwa nyundo ya kilo 2.5 inayoanguka kutoka sentimita 30 hivi.

Nyundo hiyo imezunguka dunia nzima. Barabara yoyote ya maana inayojengwa Kenya, mhandisi hudai udongo wa chini ushindiliwe hadi asilimia 95 au zaidi ya kile kipimo cha Proctor. Ndiyo maana unaona lori la maji likinyunyizia murramu kabla rola haijapita. Vijana wa mjengo wanalijua hili hata kama hawajawahi kusikia jina la Proctor: udongo mkavu haushikani, lazima umwagiwe maji kidogo.

Chukua hilo ulirudishe kwa mti. Wakati ambapo udongo uko tayari kabisa kushindiliwa, wakati ule mhandisi anaungoja kwa hamu, ni siku chache baada ya mvua, na ndio wakati ambao mizizi inakua kwa nguvu. Kiwango cha mhandisi na kaburi la mzizi ni mkebe uleule. Kwa namba: mfinyanzi ukifika gramu 1.4 au 1.5 kwa kila sentimita ya ujazo, mizizi mingi inakwama. Mchanga unaweza kuruhusu mpaka 1.7 hivi. Udongo wa chini ya barabara unatengenezwa kwa makusudi upite hapo. Nadhani Proctor hakuwa na ubaya wowote. Nisingependa kuishi chini ya bwawa ambalo halikupimwa kwa nyundo yake.

Hebu tuongee kuhusu uzito wenyewe, kwa sababu hapa akili zetu hutudanganya. Tukifikiria ardhi kukandamizwa tunafikiria ndovu. Piga hesabu. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa miguu yote miwili anagusa ardhi kwa sentimita mraba 350 hivi, kwa hiyo kila sentimita mraba inabeba kilo 0.2. Ndovu wa tani 4 ana nyayo kama sinia, kipenyo cha sentimita 40, miguu minne. Inatoka kilo 0.8. Ng'ombe wa kilo 400 anasimama juu ya kwato ndogo, na anapita ndovu kwa urahisi, kilo 1.5 hivi. Tingatinga la minyororo ni kama nusu kilo, ndiyo maana halizami. Tairi la lori lililojazwa upepo vizuri ni karibu kilo 7. Na dada wa kilo 60 aliyevaa viatu vya kisigino chembamba, kwa ile sekunde ambayo kisigino kimoja cha sentimita mraba moja kimebeba uzito wote, anaiadhibu ardhi kuliko lori lolote la Mombasa Road.

Lakini usikimbilie kulaumu viatu. Presha hiyo inaeleza ngozi ya juu ya udongo tu. Uzito wote kwa jumla ndio unaoamua maumivu yatashuka mpaka wapi. Kisigino kinatoboa sentimita chache, basi. Ekseli iliyobeba tani 10, ikipita kwenye udongo wenye unyevu, inaweza kubana mpaka karibu nusu mita chini, kule jembe halifiki na mizizi ndiko inakoishi. Tena sehemu kubwa ya madhara hutokea safari mbili tatu za kwanza. Mtu akikwambia lori lilipita hapa mara moja tu, kokoto zikamwagwa, likaondoka, elewa kwamba kazi ilishafanyika.

Afrika Mashariki ina somo lake kubwa la uzito, na si la barabara. Mwaka 1947 Waingereza walifika Kongwa, Tanganyika, wakiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita. Walitaka kulima karanga kwenye eneo kubwa kuliko shamba lolote ambalo watu wa huko, Wagogo, walikuwa wameliona. Matingatinga yalikuja, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita aina ya Sherman, wakavuta minyororo kuangusha kichaka, mibuyu ikawatoa jasho. Walipolivua lile shamba nguo zake, mfinyanzi mwekundu ulibaki peke yake na mvua na jua, ukakauka ukawa kama tofali. Karanga, kama unavyojua, huzaa ndani ya ardhi. Kuzitoa ikawa vita vingine. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamezikwa pale.

Nairobi ilianza kwa magurudumu pia. Reli ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899, kwenye uwanda wenye majimaji ambao Wamaasai waliuita kwa maji yake baridi, na mwaka huohuo makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa. John Ainsworth, aliyehamia kutoka Machakos, anakumbukwa kama mtu aliyeupandisha mji miti. Mikaratusi ililetwa kwa sababu inakunywa maji na inakua haraka, na garimoshi zilihitaji kuni. Mijakaranda, ile inayotia Nairobi zambarau kila Septemba na Oktoba, ilitoka Amerika Kusini. Barabara tunayoiita Kenyatta Avenue ilianza kama Sixth Avenue, ikawa Delamere Avenue, na inasimuliwa kwamba upana wake uliwekwa ili mkokoteni wa mafahali wengi uweze kugeuka bila kurudi nyuma. Wazia lile gurudumu jembamba, pete ya chuma, na kwato zikilitangulia. Miti ya katikati ya mji ilipandwa kwenye udongo ambao ulikuwa umeshakanyagwa.

Na udongo wenyewe ni wa aina mbili, jambo ambalo kila fundi wa nyumba analijua na wapangaji wachache wanalijali. Upande wa magharibi na kaskazini, Westlands, Karura, Kabete, ni udongo mwekundu, wenye kina, unaopitisha maji vizuri. Mashariki na kusini ni ule mweusi, black cotton, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Watu wa Embakasi na Syokimau wanautukana kila mvua, unapovua watu viatu. Ila una tabia moja ya ajabu: kila kiangazi unapasuka nyufa ambazo unaweza kuingiza mkono, hewa inashuka, na mvua ikija unafunga tena. Unajitibu kidogo wenyewe. Udongo mwekundu wa Westlands hauna dawa hiyo. Nchi za baridi zina barafu inayouinua udongo kila mwaka. Hapa kwetu hakuna. Ukishindiliwa kwa kina, unaweza kukaa hivyo miongo.

Kuna kipimo cha maskini kisichohitaji maabara. Chukua bisibisi ndefu, siku moja baada ya mvua, uisukume ardhini kwa mkono. Ikiingia bila kukunja uso, mizizi pia inaweza. Mwezi wa tano mwaka huu nilizunguka na bisibisi ya sentimita 20 kama mwendawazimu. Chini ya mti wa msituni Karura, hatua kumi kutoka kijiani, ilizama mpaka mpini. Kwenye kijia chenyewe, sentimita tano. Chini ya mjakaranda mmoja wenye stage ya bodaboda, pikipiki kumi na mbili zikiwa zimepangwa kivulini na mama wa chai amewasha jiko lake kwenye mzizi, haikuingia kabisa. Nilikwaruza vumbi. Jamaa mmoja akaniuliza, "Boss, umeangusha nini?" Nikamweleza. Akautazama ule mti juu, ambako matawi mawili ya kileleni yalikuwa makavu, akasema, "Lakini sisi hatujaukata." Ni kweli, hawakuukata. Wanautegemea; bila kivuli kile hakuna stage. Wale wageni wa Meinecke wangesema maneno hayohayo.

Nikiwa bado na bisibisi nikafikiria Uhuru Park. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1969, na tangu hapo sijui kama kuna ardhi nyingine Kenya iliyobeba nyayo nyingi zenye hasira na furaha. Wangari Maathai aliupigania mwaka 1989 dhidi ya jumba la ghorofa 60, na akashinda. Desemba 2002 Kibaki aliapishwa pale huku watu wamepanda hata juu ya miti. Agosti 2010 katiba ilizinduliwa palepale. Kila mara baada ya umati, nyasi zilibaki upara na udongo ukang'aa. Siwezi kusema watu wasingeenda. Demokrasia pia ina kilo zake.

Maathai mwenyewe anaeleza katika kitabu chake Unbowed kuhusu mugumo uliokuwa karibu na kwao utotoni, Ihithe, upande wa Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mti ule, ulikuwa wa Mungu. Kijito kilianzia karibu nao. Baadaye, akiwa msomi, aliunganisha mambo mawili: mizizi ya mugumo hupenya kwenye mwamba na kufungulia maji njia, na pia hushika udongo wa mteremko. Mti ulipoondolewa, kijito nacho kikapotea. Katazo la mama lilikuwa limelinda shina, ndiyo, lakini zaidi lililinda ardhi ya chini. Watu hawakukanyaga ovyo pale. Kichaka kiliachwa.

Pwani wana jambo la karibu na hilo, na kwangu ndilo la kushangaza kuliko yote. Kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu ambayo kumi kati yake UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, zina masharti yake. Usikate mti. Usilete mifugo. Na ukiingia, fuata njia ya kimila, usiiache. Mtu anaweza kuyaita masharti hayo ya mizimu, na wazee hawatabishana naye. Lakini soma tena: mifugo nje, njia moja, kila mtu humo humo. Meinecke alihitaji ripoti, magogo na bajeti ya serikali ili kufika pale wazee wa kaya walipokuwa wameketi kitambo.

Waingereza nao walijaribu kulinda mugumo kwa njia yao, kama stori ya Thika inavyosema. Wazee husimulia kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru alisema utawala wa wageni ungekwisha siku mugumo wa Thika ungeanguka. Serikali ya kikoloni, ambayo ilijifanya haiamini, inasemekana iliufunga mti kwa pete ya chuma ili usimame. Mwaka 1963 ukaanguka, na Desemba bendera ikashuka. Watu huisimulia kama stori ya unabii. Mimi nikiisikia huwaza kuhusu mtu aliyekaa akafikiri kwamba mti hushikiliwa na shina, akapima mzingo wa shina, akaagiza chuma.

Tazama pia jina la barabara ile ya Westlands. Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Dagoretti aliyekamatwa na watu wa kampuni ya Waingereza mwaka 1892, akapelekwa pwani, akafia njiani Kibwezi. Waliotaka kuwatuliza watu wa Dagoretti walidhani wakimwondoa aliye juu, chini patatulia. Ni mambo mawili tofauti, najua, naacha hapo.

Ikiwa unadhani jambo hili lilimalizika na Meinecke, mwaka 2006 watu wawili, Chris Atkins na Michael Taylor, waliupata mti mrefu kuliko yote unaojulikana duniani, mita 115 na ushee, California. Waliupa jina Hyperion. Mahali ulipo palifanywa siri. Intaneti haina siri. Watu wakaanza kuufuata nje ya njia, wakipiga picha kwenye shina lake, wakirudi na kuwaelekeza wengine. Hakuna aliyeuchora wala kuuchanja. Lakini mimea iliyokuwa chini yake ilipotea, udongo ukashikana, na Julai 2022 mbuga ikatangaza kwamba atakayekutwa huko anaweza kutozwa faini hadi dola 5,000 na kufungwa hadi miezi sita. Jela, kwa kusimama karibu na mti. Kule Yosemite nako walifunga msitu wa Mariposa miaka mitatu, 2015 hadi 2018, wakaondoa lami na maegesho yaliyokuwa juu ya mizizi, wakajenga njia za mbao zilizoinuliwa ili mtu apite bila kuigusa ardhi.

Kwetu tunaenda upande mwingine. Tukitaka kuupendezesha mti wa mjini, tunauzungushia kabro mpaka kwenye shina, tunajenga kibambaza cha mawe, tunakipaka rangi nyeupe, na kwenye uzinduzi tunasema tumeuhifadhi. Kabro hailali kwenye udongo laini. Lazima chini yake pashindiliwe kwanza. Mwezi wa nne mvua ikiwa kubwa, mti unalala juu ya gari la mtu, na mizizi yake iliyong'oka inaonekana imefupika, kama sinia. Gazeti linaandika upepo.

Dawa zipo, hazina mbwembwe. Kabla ya mjengo, weka uzio mbali na shina, angalau pale matawi yanapoishia, na usiruhusu lori, mchanga, saruji wala choo cha wafanyakazi ndani yake. Pale ambapo lazima upite, tandaza matandazo mazito ya vipande vya mbao, uzito utawanyike. Udongo ulioshakufa unaweza kuchimbwa taratibu kwa hewa yenye nguvu, mashine inayopuliza udongo bila kukata mizizi, halafu ukachanganywa na mboji. Na majani yanayoanguka yasifagiwe. Najua hilo la mwisho ni gumu. Mfagizi wa jiji hulipwa kwa usafi, na usafi wetu ni ardhi inayong'aa.

Halafu kuna mchwa. Kwenye nchi kavu za Afrika Magharibi wakulima wana ujuzi wa kuweka samadi na majani kwenye ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu, ili kumwita mchwa. Anakuja, anatoboa, na mvua inayofuata inaingia badala ya kukimbia. Mashimo yake ni njia za hewa, na mzizi unaokutana na shimo la mchwa hauhitaji kusukuma. Chini ya ule mjakaranda wa stage niliona njia zake mbili, zimejengwa kwa udongo mwembamba kama penseli kando ya mzizi, upande ambao pikipiki hazifiki. Mama wa chai alinionyesha kwa mguu. Alisema kanjo walikuja wiki iliyopita wakapulizia dawa, lakini wadudu wenyewe wameshaanza kurudi.